Tagliatelle za uyoga wa porini, hatua kwa hatua

Kila msimu wa porcini, uyoga wa porini wa Italia, ukifika na picha za tagliatelle, ile pasta ya mayai iliyokatwa mikanda, zikaanza kuzagaa mitandaoni, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mbona uyoga wangu umetoa maji ukachemka badala ya kukaangika? Krimu natia kiasi gani? Uyoga mkavu unalowekwa muda gani, na yale maji yake nayamwaga? Naweza kutumia uyoga nilioukuta umeota shambani? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kupika.

Chakula hiki ni cha watu wa milimani. Kwenye milima ya Apennini, pale mikoa ya Emilia-Romagna na Toscana inapopakana, kuna misitu mikubwa ya mialoni, misonobari na kastanya. Kuanzia Agosti mpaka Novemba, mvua ikishanyesha na jua likarudi, watu hutoka alfajiri na vikapu kutafuta porcini. Uyoga huo huingia kikaangoni pamoja na mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na majani kidogo, kisha hukutana na pasta iliyokandwa nyumbani kwa unga na mayai. Basi. Hakuna nyama, hakuna nyanya. Ladha yote inatoka kwenye uyoga, kwa hiyo kazi yako ni mbili tu: kuutoa maji kwa moto bila kuuunguza, halafu kuushikanisha na pasta. Mengine yote katika mwongozo huu ni ya kuisaidia kazi hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu uyoga

Porcini ni uyoga wa jamii ya Boletus. Unaosifika zaidi ni wa Borgo Val di Taro, mji ulio katika jimbo la Parma ambao wenyewe huuita Borgotaro. Jina la uyoga wa huko linalindwa na Umoja wa Ulaya, na aina zinazoruhusiwa kulibeba ni nne: Boletus edulis, Boletus aereus, Boletus aestivalis na Boletus pinophilus. Ukiugeuza, chini ya kofia hutakuta vile vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa ambavyo uyoga mwingi unavyo. Utakuta kitu mfano wa sponji, chenye matundu madogo sana: cheupe uyoga ukiwa mchanga, cha manjano ukikomaa, cha kijani cha zeituni ukizeeka. Shina ni nene na limevimba kuelekea chini. Nyama ya ndani ni nyeupe na hubaki nyeupe ukiikata.

Hakuna aliyefanikiwa kuulima mashambani kama unavyolimwa uyoga wa dukani. Nyuzi zake huishi zimeshikana na mizizi ya mti ulio hai: mti unaupa uyoga sukari, uyoga unaupa mti maji na madini. Ondoa mti, umeondoa uyoga. Ndiyo maana bei yake haishuki, na ndiyo maana sisi tulio mbali na misitu ile tunaufahamu zaidi ukiwa umekatwa vipande na kukaushwa.

Sasa onyo, na hili sitalilegeza hata kidogo. Usipike uyoga ulioukota mwenyewe kwa kuulinganisha na picha ya simu. Katika misitu hiyo hiyo ya Italia huota Amanita phalloides, uyoga ambao sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Mtu akiula hukaa saa sita, kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, bila kuhisi chochote. Kisha kutapika na kuharisha huanza. Baadaye anaweza kupata nafuu akadhani yamekwisha, kumbe ini linaendelea kuharibika. Yale yanayosemwa, kwamba kijiko cha fedha au kitunguu saumu kikigeuka cheusi ndipo ujue una sumu, au kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, yote hayana ukweli. Konokono hula wenye sumu na kuendelea na safari yake.

Waitaliano waliokulia msituni wenyewe hupeleka vikapu vyao kwa wakaguzi wa uyoga wa idara ya afya ya eneo lao, inayoitwa ASL, wauchambue mmoja mmoja. Kama unaishi Italia, itumie huduma hiyo. Kumbuka pia kwamba kuna sheria ya taifa, namba 352 ya mwaka 1993, inayompa mtu kikomo cha kilo tatu kwa siku, inayokataza reki, na inayokataza mifuko ya plastiki. Kikapu kinatakiwa ili mbegu za uyoga zidondoke njiani na msitu uendelee kuzaa. Mikoa nayo ina vibali vyake, kwa hiyo ulizia ofisi ya manispaa kabla ya kuingia porini.

Kwetu Afrika, misitu ya miombo kuanzia Tabora na Iringa mpaka Katanga hutoa uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus wakati wa mvua, na kina mama huuuza kando ya barabara. Huo una ndugu yake Italia, anaitwa finferli, naye hupikwa na tagliatelle vile vile. Ukiupata kwa mama anayeujua, anayeuza msimu hadi msimu na kuula nyumbani kwake, unafaa kabisa kwa mapishi haya. Ila usije ukakuta uyoga wenye sponji chini ya misonobari ya kupandwa ukauita porcini kwa sababu ya sponji tu. Uyoga wenye sponji una aina nyingi, na baadhi zina sumu.

Utachagua njia ipi

Kama una porcini mbichi, chukua gramu 600 kwa watu wanne.

Kama huna, na wengi wetu hatuna, chukua gramu 40 za porcini mkavu na gramu 400 za uyoga wa kulimwa: ule mweupe wa duara, ule wa kahawia, au mamama. Porcini mkavu ndio utakaotoa harufu na ladha. Huo wa kulimwa utatoa nyama ya kutafuna. Hii si njia ya mkato ya kuonea aibu. Wapishi wengi wa nyumbani Italia hufanya hivyo msimu ukipita, na kwa anayeanza ndiyo njia ninayoipendekeza.

Porcini wa kugandishwa pia upo. Huo usiuyeyushe, utie kikaangoni ukiwa barafu, kwa moto mkali, vinginevyo utapata uji.

Unaponunua mkavu, tazama ndani ya pakiti. Vipande viwe vipana, vya rangi ya krimu hadi kahawia, na unaona umbo la kofia na shina. Ukiona makombo matupu, vumbi chini, au vitundu vya wadudu, rudisha kwenye rafu. Malindi, ambako Waitaliano wamejenga na kuishi kwa miongo mingi, kuupata si kazi. Nairobi na Dar es Salaam tafuta kwenye maduka makubwa yenye vyakula vya kutoka nje.

Unavyohitaji, kwa watu wanne

Kwa pasta:
- unga mweupe wa ngano, gramu 400, usiochanganywa hamira
- mayai 4; ya kuku wa kienyeji yakipatikana ni bora, kwa sababu kiini chake ndicho kinachoipa pasta rangi
- unga wa soji (semolina, ngano iliyosagwa chenga) kiasi cha kunyunyizia

Kwa uyoga:
- uyoga, kwa njia uliyochagua hapo juu
- mafuta ya zeituni, vijiko vikubwa 4
- siagi, gramu 40
- kitunguu saumu, punje 2
- majani ya pasli, fungu dogo
- jibini ya Parmigiano Reggiano, gramu 60, ya kukunwa
- chumvi na pilipili manga

Vyombo: kibao na mti wa kusukumia chapati, kisu kikali, sufuria ya lita tano au zaidi, kitambaa safi cha kuchujia, na kikaango kipana. Upana wa kikaango ndio ninaousisitiza. Chenye sentimita 28 au 30 kitakutosha. Ukiwa na kidogo, utakaanga kwa mafungu.

Kuhusu pasli: inafanana na kotmiri kwa macho, lakini si kotmiri. Usiweke kotmiri, yaani giligilani au dania, kwa sababu harufu yake itaufunika uyoga wote. Toscana wana jani lao la uyoga, nipitella, lenye harufu inayokaribia mnanaa. Kama huna pasli, majani matatu manne ya mnanaa yaliyokatwa yatakupeleka upande huo. Na kama huna hata hayo, pika bila jani.

Kama hutaki kukanda, nunua tagliatelle kavu za mayai, gramu 350. Kama una uyoga mkavu, uloweke kwanza kama hatua ya 1 inavyosema, kisha uruke mpaka hatua ya 6.

Hatua

1. Loweka uyoga mkavu. Utie kwenye bakuli na nusu lita ya maji ya uvuguvugu, uuache nusu saa. Maji yasiwe ya kuchemka, kwa sababu yatafyonza ladha yote na kukuachia vipande vya mpira. Ukishalainika, utoe kwa mkono, ukiukamulia juu ya bakuli lile lile. Usimimine kila kitu kwenye chujio: mchanga umetulia chini, na ukimimina unaurudisha juu ya uyoga. Yale maji ya kahawia yachuje kwa kitambaa na uyaweke pembeni, ukiacha kijiko cha mwisho chenye mchanga. Anayeyamwaga amemwaga nusu ya chakula.

2. Kanda. Mimina unga kwenye meza, fanya shimo katikati, vunja mayai humo. Yapige kwa uma huku ukivuta unga kutoka kingoni kidogo kidogo, mpaka uma ushindwe. Hapo ingia kwa mikono. Usitie maji, mafuta wala chumvi. Mkono uliozoea kukanda chapati utaona donge hili ni gumu mno na utatamani kulilainisha, jizuie. Pasta inataka donge gumu linalosukumana nawe. Kanda dakika kumi kamili, ukisukuma kwa kiganja, ukikunja, ukigeuza. Mwanzoni lina mikwaruzo na vipande vinabanduka, kisha taratibu linakuwa laini usoni, na ukilibonyeza kwa kidole linarudi lenyewe. Mayai yakiwa madogo na unga ukikataa kushikana, lowesha viganja tu uendelee. Yakiwa makubwa na donge likinata, ongeza kijiko cha unga.

3. Lipumzishe. Lifunike vizuri kwa bakuli au karatasi ya plastiki, nusu saa, nje ya friji. Usiruke hatua hii. Donge lisilopumzika hurudi nyuma kila unapolisukuma.

4. Sukuma. Gawa mara nne. Unaposukuma kipande kimoja, vingine vibaki vimefunikwa. Nyunyiza unga kidogo, sukuma kutoka katikati kwenda nje, geuza robo, sukuma tena. Endelea mpaka ukiinua utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Unene usizidi milimita moja. Wanaoanza husimama mapema, pasta ikiwa bado nene, kwa kuogopa itachanika. Haichaniki kirahisi hivyo. Ikishafika, itandaze juu ya kitambaa dakika tano hadi kumi mpaka isinate mkononi, lakini isikauke ikaanza kupasuka kingo.

5. Kata. Nyunyiza soji, ikunje kama mkeka bila kukandamiza, ukate vipande vya milimita saba. Ikiiva huvimba kidogo na kufika nane, na nane si namba ya kubuni: mwaka 1972 kipimo rasmi cha tagliatelle kiliwekwa kwenye Chama cha Wafanyabiashara cha Bologna, milimita 8 kwa pasta iliyokwisha iva. Jikoni kwako hakuna atakayepima. Ninachotaka ni upana ulio sawa, ili zote ziive pamoja. Ukishakata tu, zikunjue hapo hapo, zinyunyizie soji na uziweke vifungu vifungu juu ya sinia. Ukichelewa kuzikunjua zitashikana, na zikishashikana hazitoki.

6. Safisha uyoga mbichi. Usiuloweke. Uyoga tayari ni maji kwa sehemu kubwa, na ukiupa mengine utayalipia kikaangoni. Kwangua udongo wa kwenye shina kwa ncha ya kisu, pangusa kofia kwa kitambaa chenye unyevu. Ukiwa na udongo mwingi, upitishe chini ya bomba kwa sekunde chache na uukaushe papo hapo kwa kitambaa. Porcini upasue katikati kabla ya kukata, utazame kama kuna funza. Wakiwa wachache ondoa sehemu ile, wakiwa wameujaza tupa. Sponji ikiwa ya kijani na laini, iondoe, maana ndiyo inayofanya mchuzi uwe na utelezi. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita. Ukiukata mwembamba sana utapotea.

7. Teleka maji ya pasta. Lita nne. Kawaida ya Italia ni gramu 10 za chumvi kwa kila lita, lakini hapa punguza kidogo, vijiko vikubwa viwili visivyojaa, kwa sababu sehemu ya maji haya utayarudisha kwenye uyoga na jibini nayo ina chumvi yake. Yaache yachemke wakati unakaanga.

8. Kaanga uyoga. Hapa ndipo chakula kinapoharibika au kupona, kwa hiyo soma mara mbili.

Pasha kikaango kwanza, kikiwa kitupu, moto juu ya wastani. Tia vijiko viwili vya mafuta. Weka uyoga mbichi kwa safu moja tu, vipande vikigusa chuma, visipandiane. Usiogope kufanya mafungu mawili au matatu. Kisha *usiguse*. Usikoroge. Usitie chumvi bado. Usifunike. Dakika mbili za kwanza utasikia sauti kali ya kukaangika, halafu sauti itashuka na utaona maji yanatoka. Wengi hapa hupunguza moto, na hilo ndilo kosa. Acha moto ulivyo, maji yaondoke kwa mvuke. Sauti itapanda tena, kavu zaidi, na harufu itabadilika kutoka ya udongo mbichi kuwa ya karanga zinazokaangwa. Geuza vipande. Upande wa chini uwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Upande wa pili nao uupe dakika mbili, kisha utoe kwenye sahani uweke fungu linalofuata, ukiongeza mafuta kidogo.

Uyoga wa kulimwa hutoa maji mengi kuliko porcini, hivyo uvumilie zaidi. Wa porini wa jamii ya Cantharellus nao upe muda mrefu. Uyoga wowote wa porini lazima uive sawasawa, si wa kupitisha motoni tu.

9. Tia kitunguu saumu. Rudisha uyoga wote kikaangoni, punguza moto uwe wa wastani, tia nusu ya siagi. Punje za kitunguu saumu ziponde kwa ubapa wa kisu, uzitie nzima. Chumvi sasa. Kama unatumia mkavu uliolowekwa, ukate vipande vikubwa na uutie hapa hapa. Kaanga dakika mbili, kisha zitoe zile punje uzitupe. Zimeshaacha harufu yake na kazi yao imekwisha. Kitunguu saumu kilichokatwakatwa huungua haraka na kuutia mchuzi uchungu.

10. Mimina maji ya porcini. Yale uliyochuja, kikombe kimoja. Mapishi mengi ya Italia hutia mvinyo mweupe hapa. Huuhitaji. Maji haya yana ladha kuliko mvinyo wowote. Yaache yachemke mpaka yabaki theluthi, mchuzi uwe mzito kiasi cha kuacha alama ukipitisha mwiko. Kama umetumia porcini mbichi, tumia upawa mmoja wa maji ya pasta badala yake. Zima moto.

Ukifika hapa, simama uhakikishe: jibini imekunwa, pasli imekatwa, sahani zimepashwa, walaji wamekaa. Kuanzia hatua inayofuata huna nafasi ya kutafuta kitu.

11. Chemsha pasta. Maji yawe yanatokota kweli kweli. Zitikise tagliatelle soji idondoke, uzitie zote, ukoroge mara moja. Zilizokandwa leo huiva kwa dakika mbili, tatu zikizidi. Onja baada ya dakika moja na nusu. Uzitoe zikiwa zinakaribia kuiva, bado na ukinzani kidogo katikati, kwa sababu zitamalizia kikaangoni. Kabla ya kuzitoa, chota vikombe viwili vya maji yake. Usisahau. Usitie mafuta kwenye maji, na usizisuuze pasta kwa maji baridi hata kama nyumbani mmezoea hivyo: ule wanga wa juu ndio utakaoshika mchuzi.

12. Kutanisha. Washa moto chini ya uyoga, zihamishe tagliatelle moja kwa moja kutoka sufuriani kwa koleo au uma mkubwa, na matone yake. Tia upawa wa maji ya pasta na siagi iliyobaki. Tikisa kikaango na kugeuza bila kusimama, dakika moja. Utaona maji na mafuta vinaungana kuwa mchuzi wenye rangi ya maziwa unaong'aa na kuzunguka kila ukanda. Zikionekana kavu, ongeza maji kidogo. Tagliatelle za mayai hunywa sana, na zitaendelea kunywa sahanini, hivyo ziache na umajimaji zaidi ya unavyodhani. Zima moto *kwanza*, ndipo utie jibini, pasli na pilipili manga. Jibini ikikutana na moto huganda mabonge.

13. Pakua mara moja. Kila mtu na sahani yake, uyoga uliobaki chini ya kikaango ugawanywe juu.

Swali la krimu

Krimu haimo. Ukisoma mapishi yenye krimu, pengine na soseji au njegere, hicho ni chakula kingine, huitwa alla boscaiola, na kina wapenzi wake. Ila ukitia krimu kwenye porcini, mafuta ya maziwa yanaufunika ule utamu wa msituni uliolipia bei. Wengi wanaoiomba krimu wanachotafuta ni ule ulaini, na ulaini unaupata kwenye hatua ya 12 kwa wanga na siagi. Jaribu hivyo kwanza.

Jibini nayo ina ubishi. Wapo Waitaliano wasiotaka jibini kabisa juu ya porcini mbichi. Mimi huweka, ila kidogo, na kwa uyoga mkavu uliochanganywa na wa kulimwa naona inasaidia.

Ikienda kombo

*Uyoga unaelea kwenye maji yake.* Kikaango kimejaa au moto ni mdogo. Usiumwage mchuzi huo. Toa nusu ya uyoga uweke pembeni, pandisha moto mpaka mwisho, yakauke, ndipo uurudishe. Hautapata rangi kama ya mwanzo, ladha yake itapona.

*Mchanga menoni.* Hukuchuja kwa kitambaa, au ulimimina badala ya kuutoa kwa mkono. Kwa chakula cha leo hakuna la kufanya. Mara nyingine uukoroge uyoga ndani ya maji kabla ya kuutoa, udongo ujiachilie.

*Uchungu.* Kitunguu saumu kiliungua, au maji ya porcini yalikaushwa mpaka yakashika chini. Lakini kama uyoga ni wa kuokota na uchungu ni mkali wa kukunja uso, huenda umeingia Tylopilus felleus, unaofanana na porcini ukiwa mchanga. Mmoja tu huharibu chungu kizima. Tupa chote, na ujiulize nani alikagua kikapu.

*Mafuta yamejitenga chini ya sahani.* Maji ya pasta yalikuwa machache, au hukutikisa. Rudisha kikaangoni na vijiko vitatu vya maji hayo, tikisa kwa nguvu.

*Donge linakatika unaposukuma.* Ni kavu. Lifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa dakika ishirini, ukande tena kidogo.

*Pasta imeshikana sufuriani.* Maji machache, hayakuwa yanatokota, au hukukoroga mwanzoni.

*Pasta kavu ya pakiti haiivi kwa dakika zilizoandikwa.* Kama uko Nairobi, au mji mwingine wa juu, hiyo ni kawaida. Nairobi iko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ongeza dakika mbili, na uamini meno yako kuliko pakiti.

*Ladha ni hafifu.* Mara nyingi ni chumvi. Ikiwa chumvi ipo, porcini yako imezeeka. Nusa pakiti, na kama haikupigi puani, imekwisha nguvu.

Kuhifadhi

Uyoga uliokaangwa bila pasta hukaa siku mbili kwenye friji ndani ya chombo chenye kifuniko, na ukiupasha tia kijiko cha maji. Pasta iliyochanganywa haifai kesho yake, itakuwa imenywa mchuzi wote. Tagliatelle mbichi zilizobaki zigandishe kwenye sinia vifungu vifungu, kisha uzitie kwenye mfuko wa friza, na siku ya kupika zitoke friza moja kwa moja kwenda kwenye maji yanayochemka. Usiliache donge bichi friji zaidi ya usiku mmoja, linageuka rangi ya kijivu.

Porcini mkavu uweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mahali pa giza. Katika miji ya pwani yenye joto na unyevu, ugandishe kwanza siku tatu nne ili kuua mayai ya wadudu, ndipo uupeleke kabatini.